RAMADHANI, SIKU YA 18: MTOTO AKINUSURIKA



Jana tulikuwa na Badri. Tulisimulia visima, mvua, wale watu mia tatu na kidogo, malaika, na kama ilivyo kawaida yetu tukaishia kwenye ushindi, kila mtu akanyanyuka kwenda kufuturu roho yake nyeupe. Kuna kipande cha siku zile tulikiruka. Leo nataka turudi hapo, maana wiki hii kuna jambo limetokea hapa kwetu ambalo linakihitaji kipande hicho.

Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda Badri alimwacha nyumbani binti yake Ruqayya akiwa mgonjwa. Mumewe, Uthman bin Affan (r.a.), hakwenda vitani. Mtume mwenyewe ndiye aliyemwambia abaki amuuguze, na baadaye akamhesabia fungu lake la ngawira kama mtu aliyehudhuria. Vita ilipoisha, Zayd bin Haritha akatangulizwa Madina na habari njema. Usama, mtoto wa Zayd, anasimulia kwamba habari ile iliwafikia wakiwa wanasawazisha udongo juu ya kaburi la Ruqayya.

Hebu simama hapo kidogo. Upande mmoja wa mji watu wanapiga takbira, upande wa pili watu wanapangusa mchanga mikononi. Mwezi huuhuu wa Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria. Na mwenye ushindi na mwenye msiba ni mtu mmoja.

Sasa niwaambie la kwetu. Mwenyewe amenipa ruhusa, kwa sharti nisimtaje jina wala mtaa.

Mwanza yetu mnaijua, nyumba ziko juu ya mawe na njia zinateremka kama ngazi. Ukipanda Mabatini au Igogo, mtu mzima mwenyewe unashika magoti. Ndugu yetu huyu anakaa huko juu juu. Mtoto wake wa kiume, miaka kumi, alitumwa na mama yake jioni apeleke kibakuli cha futari kwa bibi yake kule chini. Badala ya kutembea akachukua baiskeli ya kaka yake. Waya wa breki ya nyuma ulikatika tangu mwaka jana, na ya mbele raba zimekwisha. Lakini watoto wetu wana dawa yao, mmeiona: unaiachia baiskeli iteremke, ukitaka kusimama unakandamiza ndala kwenye tairi. Siku nyingi inafanya kazi. Siku hiyo ndala ilikatika.

Baiskeli ikamtoa njiani ikamtupa kwenye mtaro, ule uliojengewa mawe. Mkono ulitangulia, kichwa kikafuata. Viazi vya bibi vikatawanyika mpaka mlangoni kwa watu. Mama yake ndiye aliyefika wa kwanza, miguu mitupu, akamkuta mtoto hatikisiki. Anasema alimwita jina lake, lile refu la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo hamwitagi.

Aliyewapeleka hospitali ni kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita na abiria. Akamshusha abiria wake palepale, akampakia mama na mtoto. Kijana huyu si Mwislamu, ana rozari shingoni. Alikaa nao hospitali mpaka baba alipofika, akasaidia kwenda kufuatilia fomu ya polisi, na kwenye saa moja kasoro redio ya mlinzi ilipotoa adhana akakimbia kununua maji na chapati mbili, akamwambia, "Mama, fungua, muda umefika." Yule mama, pamoja na hali aliyokuwa nayo, akamjibu, "Hiyo ni ya Dar, mwanangu. Sisi bado dakika ishirini na kitu." (Hili nalo lishikeni, kila mwaka kuna watu wanafungua kwa adhana ya redio. Jua linazama Dar kwanza, ndipo lije kwetu.) Kijana akasimama naye, chapati mkononi kwenye gazeti, mpaka muda wa Mwanza ukaingia.

Usiku ule madaktari hawakusema kitu cha kumtuliza mtu. Mkono umevunjika, huo si tatizo, utafungwa hogo. Kichwa ndicho walichokuwa wanakiangalia. Mtoto alikuwa anatapika, analala usingizi usio wa kawaida. Wakampiga picha, wakasema tusubiri asubuhi. Baba akakesha koridoni. Anasema kuanzia saa nne usiku mpaka daku hakumbuki alisoma nini, anachokumbuka ni kwamba alianza kumwahidi Mwenyezi Mungu vitu. Hizo ahadi tutazirudia.

Asubuhi mtoto akafungua macho. Akamtambua mama yake. Akauliza baiskeli iko wapi.

Ndugu yetu akatoka nje ya wodi kupiga simu, kwa sauti, kama mtu aliyetua gunia: "Kaka, Allah kanipenda mimi! Kanipendelea. Kwa dua za mwezi huu, na mama yake alivyokesha, asingeniangusha." Chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, alikuwa amekaa mama mmoja wa visiwani, kajifunga kanga mbili. Mtoto wake aliletwa na boti siku iliyotangulia, naye kwa ajali, kitanda cha pili kutoka cha huyu wetu. Alikuwa amefariki kabla ya alfajiri. Yule mama alisubiri simu iishe. Akasema taratibu, bila ugomvi wowote:

"Baba, kwani mimi sikuomba?"

Ndugu yetu anasema hakuwa na jibu. Alimwambia pole mama, akarudi wodini. Kabla ya adhuhuri ndugu zake wakaja wakamchukua, yeye na maiti, wakarudi kisiwani. Hamjui jina. Hajui hata ni wa dini gani. Juzi baada ya tarawehe akanifuata kwenye nguzo ile ya nyuma, akaniuliza: "Ustadhi, nilikuwa namshukuru Mungu. Nilikosea wapi?"

Nimelibeba swali hili siku mbili, na sidhani ni lake peke yake. Sote tunasema maneno yale. Yamejaa kwenye magrupu yetu: gari limepinduka, watu kadhaa wamefariki, na mmoja aliyetoka mzima anaandika kwamba Mungu wake halali. Wa wale wengine analala?

Kwanza, ndugu zangu, tumtendee haki huyu baba. Alichofurahia ni halali yake. Mtoto kurudi kutoka pale ni neema kubwa, na kuificha si unyenyekevu. Mtume (s.a.w.) likimjia jambo la kumfurahisha alikuwa anaanguka kusujudu kumshukuru Allah, kama alivyosimulia Abu Bakra (r.a.) katika Abu Daud na Tirmidhi. Kaab bin Malik (r.a.), baada ya kutengwa siku hamsini, aliposikia toba yake imekubaliwa hakungoja kuvaa vizuri, alisujudu. Kwa hiyo hakuna ubaya kwenye furaha yake. Tatizo lipo kwenye neno moja aliloliongeza, "kanipendelea". Pale aliacha kushukuru akaanza kueleza. Akatoa sababu ya Mwenyezi Mungu kufanya alichofanya, na sababu hiyo hakuna aliyempa.

Fungueni Suratul Fajr, aya ya 15 mpaka ya 17. Allah (s.w.) anamwelezea binadamu anavyopiga hesabu zake: akijaribiwa kwa kupewa na kuneemeshwa, anasema Mola wangu kanitukuza, akijaribiwa kwa kubanwa riziki, anasema Mola wangu kanidhalilisha. Na aya inayofuata inaanza kwa kukanusha, "kallaa", hapana, sivyo. Angalieni kwamba zote mbili zimeitwa majaribio. Kupewa ni mtihani, kunyimwa ni mtihani. Mtoto aliyeamka ni karatasi ya mtihani, na yule baba ameanza kuishangilia kabla hajajibu hata swali moja.

Na kama kubaki kwa mtoto ndiyo alama ya kupendwa na Allah, basi nani angestahili kubakiziwa watoto kuliko Mtume (s.a.w.)? Alizaa watoto saba. Qasim, Abdullah na Ibrahim walikufa wadogo. Zaynab, Ruqayya na Ummu Kulthum walikufa watu wazima, yeye yupo hai. Sita walimtangulia. Fatima peke yake ndiye aliyemzika baba yake, naye akamfuata baada ya miezi kama sita. Mtu huyo ndiye kipenzi cha Allah, hatuna ubishi. Sasa mimi na wewe tutasema nini juu ya mama wa visiwani?

Swali lake lina jibu katika dini yetu, ingawa si jibu la kumtupia mtu aliyekaa kwenye mkeka. Ametufundisha Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) iliyo kwenye Musnad ya Imam Ahmad, kwamba dua isiyo na dhambi wala kukata udugu haipotei: ama mtu anaharakishiwa, ama anawekewa akiba Akhera, ama anaepushwa na shari iliyo mfano wake. Kwa hiyo baba akisema dua yangu imejibiwa, haina maana ya mwenzake imetupwa chini. Zimeingia mahali pamoja, zikatoka kwa njia tofauti. Yeye aliomba, mama aliomba, na huenda aliyeomba kwa unyofu zaidi usiku ule ni yule aliyerudi na maiti kwenye boti. Hatujui. Na sisi tusiojua, ulimi wetu unatakiwa ukae pale penye elimu yetu.

Suratul Hadid, aya ya 22 na 23, inakata shauri hili kabisa. Hakuna msiba unaopata ardhi wala nafsi zetu ila umekwishaandikwa kabla haujaumbwa, na tumeambiwa hivyo ili tusijitie majonzi kupita kiasi kwa kilichotutoka, wala tusifurahi kwa majivuno kwa tulichopewa. Nusu ya kwanza ya maneno hayo tunaijua sana, tunawasomea wafiwa kila siku. Nusu ya pili ni ya wale ambao hawakufiwa, na mimi nakumbuka mara chache sana kuisikia ikisomwa kwenye karamu ya mtoto aliyepona.

Sisi watu wa Mwanza tulitakiwa tuwe walimu wa jambo hili. Jumanne ile ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imeshakaribia kabisa kufika kwetu. Mamia ya watu walikufa. Nendeni makaburini Igoma mkaone. Wapo waliotolewa majini hai. Wapo waliochelewa meli kule Bukoba au Kemondo wakakasirika, jioni wakawa hawana la kusema. Na hao wote walirudi kuishi mitaa ileile na wajane na mayatima wa waliozama. Nimewasikia wazee walionusurika wakizungumza. Wanasema Alhamdulillahi, kisha wananyamaza. Ukiwauliza kwa nini wewe, wanatazama ziwa. Hiyo adabu hawakuisoma chuoni.

Kuna mtu mmoja katika waliotutangulia ambaye kila nikifikiri habari ya mzazi na ajali namkumbuka. Urwa bin Zubayr, mtoto wa Asma binti Abubakar, mpwa wa Bi Aisha, mmoja wa mafaqihi wakubwa wa Madina. Wanahistoria wanasimulia kwamba alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik. Njiani mguu ukamwoza, ukabidi ukatwe. Katika safari hiyohiyo mtoto wake akaingia zizini, mnyama akampiga teke, akafa. Chombo cha usafiri cha zama zile, tunaweza kusema, kama baiskeli kwa wa kwetu. Urwa alipoelezwa alianza kuhesabu mbele ya Mola wake. Nilikuwa na watoto saba, umechukua mmoja, umeniachia sita. Nilikuwa na viungo vinne, umechukua kimoja, umeniachia vitatu. Akashukuru.

Mimi kinachonigusa hapo ni hesabu yenyewe. Urwa alihesabu vyake na vyake. Hakuangalia nyumba ya jirani kuna watoto wangapi waliokufa ili apate cha kushukuria. Tumezoea kuambiana, ukitaka kushukuru nenda hospitali ukaone wenzako. Ni kweli tumefundishwa tumtazame aliye chini yetu tusije tukaidharau neema. Lakini mtu kwenda kuchota shukrani kwenye kitanda cha mwenzake kisha akaitangaza koridoni, hapo pameshaharibika.

Na kwa upande wa pili, tunaokwenda kuhani, tupunguze maneno. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na Ibrahim alilia, Maswahaba wakaona machozi. Akawaeleza kwamba ni rehema, jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika na ulimi hausemi ila linalomridhisha Allah. Ile hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) katika Tirmidhi, kwamba mja anapochukuliwa mtoto akamhimidi Allah na kurejea kwake anajengewa nyumba Peponi inayoitwa Nyumba ya Himdi, ni bishara tukufu. Mpelekee mfiwa siku moyo wake umetulia na masikio yamefunguka. Siku ya kwanza mpelekee uji.

Sasa turudi kwenye zile ahadi za usiku.

Baba yule aliahidi kwamba mtoto akiamka salama, atafunga kila Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Hiyo ni nadhiri, na wengi wetu tukibanwa ndiko tunakokimbilia. Mbuzi wawili, umra, kufunga mwezi. Mtume (s.a.w.) ameielezea nadhiri kwa maneno makali, yapo Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.): haileti wala haiondoi kitu, ni njia tu ya kumtoa bahili kitu mkononi. Nadhani mnaelewa kwa nini. Inageuza ibada kuwa biashara, nipe nikupe, na ni rahisi mtu akatoka hapo akiamini mtoto kapona kwa sababu ya bei aliyotaja. Yule mama pengine alitaja bei kubwa zaidi. Ukiwa koridoni omba tu. Toa sadaka kama unayo, papo hapo, bila sharti. Muombe Allah kama maskini.

Lakini ukishaitamka, imekuwa deni. Suratul Insan, aya ya 7, inawasifu wema kwa kutimiza nadhiri zao. Kwa hiyo ndugu yetu afunge hizo Jumatatu na Alhamisi. Siku za Idi na zile za tashriq hazifungwi. Ikimshinda kweli kweli, si uvivu, basi kafara yake ni kama ya kiapo, iliyoko Suratul Maida aya ya 89: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Nimemwambia ajaribu kufunga. Amecheka, amesema ameshaanza kuzihesabu kwenye kalenda.

Aliniuliza pia kama angeweza kusujudu palepale hospitali. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ndiyo, ni sunna ukipata neema mpya au ukiepushwa na balaa. Ni sijida moja, nje ya swala, uwe na udhu na uelekee kibla. Mama aliye katika siku zake ashukuru kwa ulimi na moyo, hajapungukiwa. Wanachuoni wetu wakaongeza adabu moja ambayo nilifurahi sana kuikuta: ukishukuru kwa neema ambayo mbele yako yupo aliyeikosa, sujudu mahali asipokuona, usije ukamuumiza. Wameyaandika hayo karne nyingi zilizopita, hawajui simu wala koridoni, na wamemwona mama wa visiwani.

Kuhusu saumu, kwa faida ya wote, maana watu wameniuliza. Mtoto wa miaka kumi haimlazimu. Mgonjwa ana ruhusa kwenye Suratul Baqara aya ya 184 na 185, atalipa baadaye. Anayeuguza akizidiwa mpaka anahofia kudhurika, naye afungue alipe, asingoje kuanguka. Na kutoa damu kumwokoa mtu hakufunguzi kwa kauli ya wengi wa wanachuoni, wanakupima na kupiga chuku, ila ukijiona utalegea ahirisha mpaka usiku kama daktari anasema kuna nafasi.

Halafu kuna jirani ambaye siku ya pili tu alishaanza: hilo ni jicho, watoto wa fulani wanasoma sana, kuna mtu hapendi. Akataja na mtaalamu wa kwenda kumwona. Jicho lipo, Mtume kasema ni haki, sikatai. Lakini waya wa breki ulikatika tangu mwaka jana na nyumba nzima ilikuwa inajua! Anayetaka kinga ya mtoto, afanye kama alivyofanya Mtume kwa Hassan na Hussein, akiwaombea kinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia, dua ileile aliyoomba Nabii Ibrahim kwa Ismail na Is'haq. Iko Bukhari, walimu wa madrasa wanayo, haiuzwi.

Na kisha funga waya.

Ndiyo, kwa sababu tawakali ya wazazi ndani ya Qur'ani haikuwahi kuwa ya mikono mitupu. Mama yake Musa aliahidiwa na Allah mwenyewe kwamba mtoto atarudishwa kwake. Ahadi gani inazidi hiyo? Akamtia majini, moyo wake ukabaki mtupu, hivyo ndivyo Suratul Qasas inavyousema. Na bado akamwambia dada yake, mfuate, uangalie. Sisi tunaokaa pwani ya ziwa tunaielewa picha hiyo, msichana anatembea ukingoni jicho liko kwenye maji, anajifanya hana habari. Na Nabii Yakub, ambaye alikwisha kumpoteza Yusuf, alipowatuma wanawe Misri aliwaambia wasiingie kwa mlango mmoja, kisha akasema kwamba hilo halitawafaa kitu mbele ya hukumu ya Allah. Alijua halizuii kadari na alilisema hivyohivyo, kwa sababu ni baba.

Yule bedui aliyeuliza amwache ngamia wake ategemee Allah, aliambiwa amfunge kwanza. Tirmidhi ameipokea kutoka kwa Anas. Anas huyohuyo ndiye aliyetusimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi akachubuka ubavu wa kulia, akawaswalisha watu amekaa. Kuanguka si aibu wala laana. Mbora wa viumbe kaanguka, kauguzwa, kaswali kwa kadiri ya uwezo wake. Siku nyingine yuko juu ya mimbari, wajukuu zake wawili wakaja na kanzu zao nyekundu, wanatembea wanajikwaa. Akakatiza hotuba, akashuka, akawabeba akawaweka mbele yake, akasema hakuweza kuvumilia. Hotuba ilisubiri.

Katika Suratu Saba, aya ya 13, Allah aliwaamrisha watu wa Daud wafanye kazi kwa kushukuru. Neno lililotumika ni la kutenda. Nilimsomea ndugu yetu aya hiyo juzi pale kwenye nguzo, nikamwambia, simu umeshapiga, imetosha, sasa tazama mikono yako ina nini cha kufanya.

Jana akanijia na majibu. Kwanza alimtafuta yule kijana wa bodaboda, vijiwe vitatu mpaka akampata. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah, tumeambiwa hivyo na Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Abu Huraira. Kijana alikataa hela ya safari, akakubali ya mafuta, na akakubali kuja kufuturu Ijumaa. Mjapo mkamkuta mumkaribishe vizuri, na asipewe mawaidha siku ya kwanza, ale kwanza.

Pili, anamtafuta yule mama. Ameacha namba yake kwa wahudumu wa wodi, kama familia itarudi kuchukua karatasi wampe. Anasema hana cha kumweleza, anataka tu kumjulia hali. Walioko visiwani, kama kuna msiba wa mtoto aliyerudishwa na boti wiki hii karibu na kwenu, nendeni mkahani, Mwislamu au si Mwislamu, na msiseme mmetumwa.

Tatu ni hili, na ni tangazo rasmi. Idi iko karibu, na mnajua watoto wetu Idi ni baiskeli za kukodi, kutwa nzima juu na chini. Ndugu yetu ameongea na fundi baiskeli na amelipia vifaa. Jumamosi hii, baada ya swala ya alasiri, fundi atakaa uwanjani kwetu chini ya mwembe, ana waya za breki, raba na tairi chache. Mtoto yeyote wa mtaa, wa madrasa au asiye wa madrasa, aje na baiskeli yake ikaguliwe bure. Wenye baiskeli za kukodisha nao wamealikwa. Tunaomba vijana wanne wenye spana zao waje wamsaidie fundi, na mmoja wa kusimama pale juu kwenye mteremko, maana najua wataanza kuzijaribu hapohapo.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu na watoto wa jirani zetu. Waliotangulia wafanye akiba kwa wazazi wao, na wazazi wao uwashike mioyo kama ulivyoushika moyo wa mama yake Musa. Aamin.

Mtoto anaendelea vizuri, hogo litatolewa baada ya wiki kadhaa inshaallah. Wanaotaka kwenda kumwona waende baada ya tarawehe, wasizidi watatu kwa pamoja, chumba ni kidogo. Darsa la kesho litakuwa zakatul fitri, mtukumbushe bei ya mchele sokoni.

Wabillahi tawfiq.